Kuku wa Roma, Maji ya Bokero

Kuna jambo linaniudhi katika makala zetu za fasihi. Tukiandika kuhusu Roma ya kale, lugha inavaa nguo za sikukuu: Jupiter ni mungu, nyumba yake ni hekalu, watumishi wake ni makuhani. Tukirudi huku kwetu bonde la Kilombero, kalamu ileile inakunja uso: mizimu, ushirikina, mambo ya gizani. Kwa nini jamani?

Hebu tuwaangalie hao Warumi. Kabla ya vita walitazama kuku watakatifu. Kuku wakidonoa kwa pupa, heri. Wakigoma kula, balaa. Inasimuliwa kwamba mwaka 249 KK kuku walimgomea jemadari Claudius Pulcher, naye akawatosa baharini, eti kama hawataki kula basi wanywe. Akashindwa vibaya huko Drepana. Tena walipasua kondoo wakasoma maini. Sasa mzee wa hapa Mngeta akichinja kuku akatazama matumbo yake, nani atamwita kuhani?

Wengine hunijibu: Roma iliacha majengo. Kweli, Pantheon bado imesimama, na tangu mwaka 609 ni kanisa. Lakini jiwe linathibitisha ufundi wa waashi tu. Halithibitishi kwamba mungu wa mle ndani alikuwa wa kweli kuliko wa mtoni. Maji ya Mngeta huingia Kilombero, ya Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji ndiko Bokero alikoheshimiwa. Huko Ngarambe Kinjikitile aligawa maji ya dawa, na Agosti 30, 1905, Wambunga na Wapogoro wakalivamia boma la Wajerumani la Mahenge. Bombomu ziliwafyeka. Watu hao walioifia imani yao tunawaita washirikina, halafu mwezi waliokufa tunautaja kwa jina la Augustus, mtawala ambaye Warumi walimfanya mungu!

Nyerere alitutafsiria tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari mwaka 1963, na mtabiri wa mle tunamsoma kwa heshima. Ebrahim Hussein akatupa Kinjeketile mwaka 1969, na bado nakutana na wasomaji wanaommaliza mhusika wake kwa neno moja: mganga.

Sidai tumwabudu Bokero. Nadai mizani moja. Ama wote ni washirikina, Kaisari na kuku wake, ama wote walikuwa na dini. Anayetaka maneno mawili atueleze: tofauti ni nini, zaidi ya mawe na rangi ya ngozi?