Mambo ya Nyumbani: Mbegu Ngeni Katika Ungo

Jumamosi moja jioni mama jirani yetu hapa Kariakoo alibisha hodi mlangoni kwangu, naye amechukua ungo. Alikuwa amenunua mtama wa uji wa watoto katika duka moja la nafaka, akaketi barazani kuuchambua kabla ya kuupeleka mashineni. Hata binti yake akaona punje nyeusi zisizo mtama. Walipozihesabu zilikuwa 17.

"Mwalimu," akaniuliza, "hizi ni mbegu za nini? Jirani aniambia ni ufuta, nisage tu."

"Ngoja kwanza, mama," nikamjibu. "Tusiziite jina kabla ya kuzitazama."

Basi tukatandaza karatasi nyeupe mezani, tukaziweka mbegu zile, na kando yake tukaweka zile tuzijuazo. Ufuta ni laini, una ncha upande mmoja mfano wa tone la maji. Hizi hazikuwa hivyo. Mbegu ya bamia ni mviringo. Hizi zilikuwa bapa. Ya kitunguu ni nyeusi, lakini ina pembe. Zilifanana zaidi na mbegu za pilipili, ila rangi yake ni nyeusi, umbo lake ni la figo, upana wake wapata milimita 3, na ganda lake lina vishimo vidogo vidogo. Hapo moyo wangu ulishtuka, kwa kuwa nililelewa shamba, nami naujua mnanaha, ambao wengine huuita mranaha.

Mnanaha na pilipili ni wa jamaa moja. Maua yake ni marefu mfano wa tarumbeta, meupe au ya zambarau, na tunda lake lina miiba. Likikauka hupasuka pande nne. Huota majalalani na katikati ya mazao, na nafaka ikivunwa, nao huvunwa pamoja. Mbegu zake zina sumu ziitwazo atropini na skopolamini. Aliyezila hukaukwa na kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa ya moto na kavu, moyo hupiga mbio, kisha hupayuka na kuona visivyokuwapo. Wengine wakimwona hivyo hudhani amerogwa, wakamkawiza nyumbani, kumbe ingewapasa kumpeleka hospitali saa ile ile.

Wala haya si hadithi tu. Mwaka 1991 tabibu mmoja aliandika katika jarida la uganga habari za watu waliodhurika kwa mnanaha katika chakula huko Usangi, Upare. Na mwezi wa Machi 2019, katika nchi ya Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa, baada ya kula uji wa unga wa mahindi na soya uliogawiwa kwa msaada. Wachunguzi waliikuta sumu ya mnanaha katika unga ule. Ona, wagawaji walikusudia mema, na walaji hawakuwa na kosa. Lakini mbegu ikiisha kusagwa, jicho haliwezi kuitambua tena, na moto wa jikoni si wa kutegemewa kuiondoa sumu yake.

Katika Injili mwenye shamba aliyaacha magugu mpaka mavuno, ili asing'oe ngano pamoja nayo. Lakini sisi wa mjini mavuno yamekwisha kuvunwa, na punje i ndani ya ungo wetu. Kwetu saa ya kutenga ndiyo hii.

Basi yashikeni haya. Chambueni mchana, si kwa mwanga wa taa hafifu. Msionje mbegu msiyoijua. Katika mahindi, mbegu ya mnanaha hupita katika tundu za chekeche. Katika ulezi hubaki juu, kwa kuwa ni kubwa kuliko ulezi. Lakini katika mtama vimo hukaribiana, na hapo hakuna dawa ila jicho na kidole. Mkizikuta, zifungeni katika karatasi, mkamwonyeshe bwana shamba au wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wala msizitupe uani, maana mbegu za mnanaha zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 30 na bado zikaota.

Yule mama aliniuliza, "Je, nikiziondoa zote 17, si nitaupika?" Swali hili lilikuwa zito, kwa kuwa fedha yake ya juma ilikuwa katika mtama ule. Nikamjibu kwamba tumeziona 17, hatujui tusizoziona. Na tumbo la mtoto ni dogo. Akanyamaza kitambo, kisha akafunga mtama wake.

Jumatatu tulikwenda pamoja dukani. Mwenye duka kwanza alikasirika, akasema hakuna nafaka isiyo na taka. Mama hakugombana, alikunjua karatasi, akamwomba achote kibaba kimoja katika gunia lile lile. Wakachambua pamoja juu ya meza, wakakuta nyingine nne. Mwenye duka akalifunga gunia, akaliweka nyuma, akamrudishia mama fedha yake.

Mama akapokea, akashukuru, akamwuliza, "Na waliokwisha kununua, baba?"

Mchana ule kijana wa duka alipita mitaani akiwatafuta.