Tuitembelee Bwiza, Tusiitembeze

Mwanafunzi mpendwa, kitenzi "tembea" kimezaa vitenzi viwili ambavyo wengi wenu huvichanganya katika insha. Cha kwanza ni "tembelea", yaani kwenda kwa mtu kumjulia hali. Cha pili ni "tembeza", yaani kufanya mtu au kitu kitembee. Mama humtembeza mtoto anayejifunza kusimama. Mchuuzi naye hutembeza bidhaa, akizipitisha mlango kwa mlango mpaka apate mnunuzi. Leo nataka kubishana juu ya jambo la kiraia, na hoja yangu yote imo katika tofauti ya vitenzi hivyo viwili.

Jambo lenyewe ni matembezi ya usiku ya kuongozwa katika mitaa ya starehe ya Bujumbura. Mgeni akifika jijini hakosi mtu wa kumwambia kwamba hajauona mji mpaka apelekwe Bwiza jua likishazama. Wageni hukusanyika, kiongozi hutangulia, na kundi huingia kabare moja hadi nyingine. Hunywa Primus na Amstel, hula mishikaki na ndizi za kuchoma, hupiga picha, kisha hurudi hotelini wakiamini kwamba wameiona Bujumbura. Mimi nasema hawajaiona. Nasema pia kwamba matembezi ya namna hiyo, hata yakifanywa na watu wenye tabasamu na nia njema, huwageuza wakazi kuwa bidhaa. Hapo hakuna aliyetembelewa. Bwiza ndiyo iliyotembezwa.

Tuanze na mahali penyewe. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Usumbura, nao uligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, Waafrika upande wao. Mpaka leo uko mtaa unaoitwa Quartier Asiatique, jina lililobaki kama kovu. Bwiza na Buyenzi ni mitaa miwili jirani iliyokua upande wa Waafrika. Tangu mwaka 2014 yote miwili imo katika komuni ya Mukaza. Bwiza imepata sifa ya kabare na muziki. Buyenzi imepata sifa ya misikiti, mafundi wa magari, soko la Ruvumera, na lugha hii unayojifunza. Kiswahili kililetwa kandokando ya Ziwa Tanganyika na wafanyabiashara na askari, kikatua hapa, kikapata watoto wa kukinyonya kama lugha ya mama.

Sasa sikiliza namna watu wa mitaa hii walivyotazamwa kutoka nje. Katika mazungumzo ya Kirundi, neno "Umuswahili" limekuwa na maana zaidi ya Mwislamu au mtu wa mjini. Mara nyingi limemaanisha mjanja, mtu wa kuchungwa. Mtoto wa Buyenzi amekua akijua kwamba lugha ya nyumbani kwao inaweza kumfanya ashukiwe kabla hajatenda lolote. Sifa hiyo haikutoka mbinguni. Imetengenezwa na macho ya watu wanaopita bila kubisha hodi.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa miaka ya 1950. Utawala wa Kibelgiji ulitoza kodi wanawake wa mijini ambao, kwa maneno ya watawala, walikuwa wakiishi peke yao kinadharia. Katika kapu hilo moja waliingizwa wajane, walioachwa na waume, na wake wa ndoa za mitala ambazo utawala haukutaka kuzitambua. Kodi hiyo ilibeba tusi ndani yake: mwanamke asiye na mume anayetambulika alidhaniwa kuwa anauza mwili. Wanawake Waislamu wa Buyenzi walilisikia tusi hilo, wakaikataa kodi, wakapaza sauti. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika makala juu ya kisa hicho mwaka 1991. Wewe mwanafunzi wa Kiswahili unapaswa kukijua, kwa sababu ni somo kamili la uraia: wanawake wasio na kura wala cheo walisimama wakamwambia mtawala kwamba hana haki ya kuwapa jina asilolijua.

Kisha jiulize: kiongozi wa matembezi anaposimamisha kundi kando ya barabara, akamwonyesha kwa kidole mwanamke aliyeketi mlangoni pa kabare, akanong'ona jambo na wageni wakacheka, tofauti yake na mkusanya kodi yule ni ipi? Mwanamke huyo huenda ni mwenye kabare. Huenda ni mpishi anayepumzisha miguu, au anamngoja dada yake warudi nyumbani pamoja. Kiongozi hajui, na wageni hawajui. Wamempa jina, wakaendelea na safari.

Ziko pia nyakati ambazo usiku wa mji huu haukuwa wa starehe hata kidogo. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa ameongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa mwezi uliotangulia, alipigwa risasi akiwa katika mkahawa wa hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Mwezi Machi 1995, Bwiza na Buyenzi, mitaa ambamo Wahutu na Watutsi walikuwa bado wakiishi pamoja, ilishambuliwa. Watu wakauawa na wengi wakakimbia. Na amri ya kutotoka nje kuanzia usiku wa manane, iliyowekwa mwaka 1972, iliondolewa Aprili 2006. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kupata watoto bila kuruhusiwa hata mara moja kutembea katika mji wake saa nane za usiku.

Kwa hiyo Mrundi anapoketi nje usiku leo, akicheka na rafiki zake mbele ya sahani ya mukeke, hafanyi jambo dogo. Anatumia haki iliyochelewa kurudi. Matembezi yanayouza "maisha ya usiku" bila kutaja kwamba usiku wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kufuli yanauza ganda na kutupa kiini.

Yapo na mengine yanayoachwa. Wageni hupitishwa Bwiza palipo na bia, na Buyenzi hurukwa kwa sababu chai haina faida kubwa. Lakini usiku wa Buyenzi nao ni usiku. Njoo mwezi wa Ramadhani uone mitaa inavyoamka baada ya futari: watu wakielekea misikitini kwa tarawehe, sambusa zikitoka kwenye mafuta, wazee wakiketi barazani, vijana wakibishana juu ya mpira kwa Kiswahili na Kirundi ndani ya sentensi moja. Hapo mwanafunzi wa lugha angevuna zaidi kwa saa moja kuliko katika kabare tatu ambamo muziki unameza kila neno. Matembezi yanayoamini kwamba usiku ni pombe tu yanawadanganya wanaoyalipia.

Na kutembea kwenyewe, je? Kwa mgeni, kwenda kwa miguu ni burudani. Kwa mkazi mara nyingi ni lazima. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Uhaba wa mafuta nao umewafanya watu wengi wapige foleni ndefu kungoja basi, na wanaochoka kungoja hushika njia kwa miguu mpaka nyumbani. Barabara ile ile, saa ile ile: mmoja amelipa ili atembee, mwingine anatembea kwa kuwa hakupata usafiri. Simwambii mgeni aone haya. Namwambia ajue ni nani anayepishana naye gizani, na ampishe njia.

Najua mtanijibu, na majibu yenu nimeyasikia.

Wa kwanza atasema: "Mwalimu, wageni wanaleta fedha." Naam, wanaleta. Nami swali langu ni fupi: zinaingia mkononi mwa nani? Ikiwa malipo yameishia kwa aliyepanga safari, na mchoma mishikaki ameuza vijiti vitano tu huku kundi likiziba njia ya wateja wake wa kila siku, basi fedha imepita Bwiza bila kukaa. Tena hata malipo mazuri hayanunui kila kitu. Anayenunua mshikaki amenunua mshikaki. Uso wa muuzaji haukuwa sehemu ya bei.

Wa pili atasema: "Barabarani ni mahali pa wote, kila mtu anaonekana, kwa nini nisipige picha?" Kuonekana si sawa na kutoa ridhaa. Kifungu cha 12 cha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinalinda faragha na heshima ya mtu, na Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 nayo inatambua haki ya kuheshimiwa maisha ya faragha. Picha ya mtu aliyepumzika usiku ikisambaa, inaweza kumponza kwa mwajiri, kwa mume, kwa mkwe, kwa jirani. Aliyeipiga atakuwa ameshapanda ndege.

Wa tatu ni mwenye kuhubiri maadili. Yeye atasema: "Matembezi hayo yafungwe kabisa, na wanafunzi wasisogee Bwiza, maana ni mtaa mchafu." Huyu simkubali zaidi ya wale wawili. Yeye na mtembezaji wanasema neno moja kwa sauti mbili. Mtembezaji anasema Bwiza ni dhambi tamu, mhubiri anasema Bwiza ni dhambi chungu, na wote wawili wamesahau kwamba Bwiza ni makazi. Wamo watoto wanaofanya mazoezi ya nyumbani chini ya taa ile ile inayomulika kabare.

Miji mingine imekwisha kulipima suala hili. Amsterdam, ambayo mtaa wake wa starehe unajulikana duniani kote, ilipiga marufuku kuanzia mwaka 2020 makundi ya watalii kuongozwa mbele ya madirisha ya wanawake wanaouza ngono. Sababu zilizotolewa zilikuwa heshima ya wanawake hao na kero kwa wakazi. Mji tajiri unaoishi kwa watalii uliona kwamba kuna mahali ambapo kutazama watu kwa makundi ni kosa. Sisi tusio na watalii wengi hivyo tuna bahati: tunaweza kuweka adabu kabla uharibifu haujaingia.

Adabu hiyo ni ipi? Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji atazamwe. Basi ukialikwa katika matembezi ya usiku, au ukitaka kuwaongoza wageni wako mwenyewe, yashike haya.

Kwanza, kiongozi awe mkazi wa mtaa, mtu ambaye kesho asubuhi atakutana na majirani hao hao na kuulizwa alichokisema juu yao. Pili, kundi liwe dogo kiasi cha kuenea kwenye meza moja. Tatu, simu ibaki mfukoni mpaka utakapoomba ruhusa kwa maneno, na jibu la "hapana" lipokewe bila ubishi. Nne, lipa mkononi mwa aliyekuhudumia. Tano, historia isemwe: kodi ya wanawake wa Buyenzi, Rwagasore, Machi 1995, miaka 34 ya usiku uliofungwa. Isemwe kwa sauti ya heshima, na kamwe isisemwe kama kionjo cha kuwasisimua watu kabla ya bia inayofuata. Sita, usiikwepe Buyenzi. Kaa unywe chai.

Saba ni lako wewe mwanafunzi, nalo ni zito kuliko yote: zungumza. Salimu kabla ya kuuliza bei. Mwite aliyekuzidi umri mama au mzee, na wa rika lako ndugu. Sema hodi hata pasipo mlango. Kiswahili kimejaa maneno ya kumkaribia mtu bila kumvamia, na hiyo ndiyo elimu ya uraia ya kale kuliko katiba zote. Mtu uliyezungumza naye, akakuuliza kwenu ni wapi, nawe ukamwuliza watoto wake hawajambo, hawezi tena kuwa mandhari machoni pako.

Ndiyo maana sikubali kusikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya watalii tu. Kila mmoja wetu ni mgeni katika mtaa fulani wa mji wake mwenyewe. Mtoto wa Kiriri akishuka Bwiza ni mgeni, na wa Kinama akipanda Rohero ni mgeni. Nchi ambayo imewahi kuuana kwa sababu ya majina ambayo watu walipewa na wengine haina ruhusa ya kuchezea desturi ya kunyoosheana vidole gizani.

Zoezi: tunga sentensi tano kwa kutumia "tembelea" na tano kwa kutumia "tembeza". Kisha zisome upya na ujiulize, katika kila moja, ni nani aliyeombwa ruhusa.