Msiuze Koili Kwa Kilo

Muhula uliopita nilisimama mbele ya paneli na projekti yangu: saketi ya kupandisha volti ili betri ndogo iwashe taa kubwa. Nilikuwa nimejipanga. Slaidi safi, shati limepigwa pasi, saketi inafanya kazi. Mwalimu mmoja akaikamata bodi, akaigeuza, akauliza, "Injinia, koili hii ni ya maikrohenri ngapi?"

Nikaiangalia. Imeandikwa 330. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "330, mwalimu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ule mwandiko ni kodi, kama ile ya rezista: tarakimu mbili za mwanzo ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza. Yaani 330 ni 33, basi. Nilikuwa nimekosea mara kumi kwenye kifaa ambacho ndicho moyo wa projekti yangu. Na kwa nini nisikosee? Ile moduli nilinunua ikiwa imekamilika. Bumu liliingia, nikaagiza, ikaja na basi, nikachomeka nyaya nne. Miaka mitatu ya kukokotoa induktansi kwenye karatasi, na sijawahi kuzungusha waya hata raundi moja.

Msinicheke sana. Ulizeni darasani kwenu ni wangapi waliowahi.

Wiki ile ile nikaenda kwa fundi redio mmoja karibu na Soko la Kilombero, mzee anayefanya kazi kwenye kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. "Shikamoo fundi." "Marahaba, mwanangu. Simu au redio?" Nikamwambia nataka kujifunza koili. Akavuta boksi chini ya meza: balbu mbovu za enaji seva, bodi za tivi za zamani, pawasaplai za kompyuta. Balbu tatu akaniuzia shilingi 500, akasisitiza nisivunje ule mrija wa kioo kwa sababu ndani una zebaki, na nisiguse kapasita kabla ya kuitoa chaji. Umeme wetu ni volti 230, lakini kapasita ya balbu hiyo ikijaa inabeba kama 325. Hilo hata mimi nilikuwa nimelisoma. Sikuwahi kulihusisha na kitu kinachoshikika.

Ndani ya enaji seva kuna pete ndogo nyeusi imezungushiwa waya. Nikaitoa, nikaisuka upya: nyaya mbili pamoja, mizunguko 15. Ukiongeza transista moja, rezista ya kilo-ohm 1, taa nyeupe ya LED na betri ya tochi iliyokwisha, unapata saketi inayokamua mabaki ya betri. LED nyeupe inahitaji kama volti 3, betri ile ilikuwa imebaki na 0.9. Mkondo ukipita kwenye koili, ugasumaku unajengeka. Transista ikikata ghafla, ugasumaku unaanguka na koili inarusha volti juu, maelfu ya mara kwa sekunde, jicho lako linaona taa inawaka tu.

Yangu haikuwaka. Nilihangaika mpaka saa saba usiku. Kosa lilikuwa kwamba nimeunganisha mwanzo wa waya mmoja na mwanzo wa mwenzake, badala ya mwanzo wa huu na mwisho wa ule. Nikageuza ncha mbili tu, ikawaka. Nikaamsha chumba kizima, na mpaka leo kuna mmoja hajanisamehe.

Kesho yake nikajaribu mizunguko ile ile 15 kwenye pete ya njano yenye upande mmoja mweupe, iliyotoka kwenye pawasaplai ya kompyuta. Hovyo kabisa. Ile ni ya unga wa chuma, nyeusi ni feraiti. Waya ule ule, mizunguko ile ile, induktansi mbali kabisa. Kujua tofauti, nikaiweka pete nyeusi sambamba na kapasita ya nanofaradi 100, nikaazima oskiloskopu ya maabara na kutafuta masafa yanapopanda. Yakapanda karibu na kilohezi 50, yaani koili ni kama maikrohenri 101. Ile fomula ya mwaka wa kwanza, tuliyoikariri kwa ajili ya UE na kuisahau getini, ilifanya kazi. Tena kwa takataka.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Nyuma ya karakana chuoni kwetu kuna stoo. Transfoma za zamani, vikuza sauti vilivyokufa, mota, bodi za mazoezi ambazo vitabu vyake vilishapotea. Nimeona magunia matatu yakibebwa kwenda kuuzwa kama chakavu, shaba kwa kilo. Mengine yanafuata. Huko yakifika, nyaya zinachomwa moto ili plastiki iungue ibaki shaba, na koili iliyosukwa na mtu aliyejua anachofanya inageuka kuwa uzito kwenye mizani.

Na hii ni Arusha! Themi hapo, Tanelec wanatengeneza transfoma, kazi ambayo kiini chake ni kusuka waya. Konda akiita "Philips!" tunashuka bila kukumbuka kuwa jina ni la kampuni ya Uholanzi iliyokuwa na kiwanda cha redio mjini hapa. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa hapa hapa na mmoja wa waanzilishi wa karakana ya Twende, alitengeneza chaja ya simu ya kukanyaga pedali kwa vipuri chakavu. Mwaka 1831 Michael Faraday naye alisuka koili zake kwenye pete ya chuma, akitenganisha waya kwa uzi na kitambaa. Hakuagiza moduli.

Najua majibu yatakayokuja. Moja, mali ya umma ina utaratibu wa kufutwa. Sawa, ufuatwe, ila kwenye fomu hiyo hiyo pawepo nafasi ya kuhamishia vipuri kwenye meza ya mazoezi. Mbili, usalama. Hapa nakubali kabisa: transfoma ya maikrowevu inatoa kama volti 2,000 na inaua, hiyo isitolewe kwa mwanafunzi yeyote, wala ile koili ya volti kubwa ya tivi za kioo. Lakini betri ya volti 0.9 haijawahi kuua mtu.

Ninachoomba kwa waziri wetu wa elimu wa serikali ya wanafunzi ni barua moja kwa mkuu wa idara, kabla magunia yaliyobaki hayajapakiwa: meza moja, mita mbili, boksi la chakavu lililochujwa na mtaalamu wa maabara, Jumamosi asubuhi. Saini nitakusanya mwenyewe, nimeshapata 41.

Wakati tunasubiri, nina pete nne nyeusi chini ya kitanda. Anayetaka moja aje na betri iliyokufa, na asije baada ya saa nne usiku.