Uhuru Park Haikulala

Hoja inayorudiwa magazetini, kwamba bustani ya mjini ni ardhi iliyolala ikingoja jengo la kuiamsha, ilishapimwa Nairobi ikaanguka.

Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua juu ya barua kuupinga. Wabunge wakamkejeli, na shirika lake, Green Belt Movement, likafukuzwa ofisini mwake. Hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa, mnara ukafia kwenye ramani.

Na bustani hiyo imelala vipi? Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo hapo bustanini, wakidai wana wao waachiliwe. Anayeita nyasi zile kiwanja kitupu aseme kina mama hao wangekaa kwenye ghorofa ya ngapi.