Chakula, njia na tramu za Bruxelles

Wengi hutuuliza mtu hula nini akifika Bruxelles, na huendaje huku na huko katika mji asioujua. Tulikaa huko majuma matatu, nyumbani kwa ndugu yetu mmoja aliyepanga katika Ixelles. Leo twapenda kuwajibu, tukianza na tumbo, maana ndilo linalotangulia kuuliza.

Wabelgiji hula viazi kama sisi tulavyo bugali. Penye kona nyingi na viwanja vingi vya mji pana kibanda cha kukaangia, na jioni watu husimama mstari mbele yake, hata mvua ikinyesha. Akina mama wasikilize, maana siri yake si kubwa. Viazi hukatwa vipande vinene kama kidole, vikakaangwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa moto wa wastani, mpaka viive ndani pasipo kugeuka rangi. Hutolewa, vikaachwa vipoe. Ndipo vinaporudishwa katika mafuta yenye moto mkali, kwa dakika chache tu, mpaka viwe vya rangi ya dhahabu. Kwa desturi ya zamani mafuta yenyewe ni ya ng'ombe. Hupewa mnunuzi katika karatasi iliyokunjwa kama pembe, pamoja na mayonezi na uma mdogo. Mzee mwenye koti na tai hula akisimama njiani, mbele ya watu wote, wala hakuna amchekaye. Kwetu mtu mzima alaye njiani husemwa. Siku ya kwanza tuliona haya. Siku ya pili tulikula nasi, tukarudia.

Kome ni habari nyingine. Hupikwa pamoja na vitunguu na selari, wakaletwa mezani na sufuria yao nzima, na mlaji hutumia ganda tupu la kome wa kwanza kama koleo la kuchomolea wengine. Sisi watu wa ziwa tumelelewa kwa ndagala na sambaza. Tuliwala kwa adabu, basi.

Lakini asidhani mtu kwamba Mkongomani aliye Bruxelles hufa kwa kutamani chakula cha kwao. Karibu na Porte de Namur pana mtaa uitwao Matonge, kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Katika maduka ya Chaussée de Wavre na katika Galerie d'Ixelles tuliona sombe iliyotwangwa na kugandishwa kwa barafu, na kwanga, na ndizi za kupika, na makayabu, na pilipili ile ile. Bei ndiyo iliyotushangaza. Mwenyeji wetu alituambia kwamba kwake sombe imekuwa chakula cha sikukuu, na watoto wake huila kama sisi tulavyo keki. Jirani hapo pana kiwanja kidogo kilichopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Tuliona watu wakipigiana picha chini ya kibao chake.

Sasa njia. Mji una metro ipitayo chini ya ardhi, mabasi, na tramu zipitazo juu ya reli katikati ya barabara. Tiketi moja hutumika saa nzima, hata ukiacha tramu na kuingia basi. Jambo moja mgeni alishike siku ya kwanza: motokaa humngojea mtu avukaye penye mistari myeupe, bali tramu haimngojei, sheria imeipa haki ya kupita mbele. Ndani hakuna kijana wa kuita abiria kwa sauti, wala hakuna akaliaye magoti ya mwingine. Hilo tulilisifu. Ila pia hakuna amsalimuye jirani yake, na hilo hatukulizoea mpaka siku ya kurudi.

Kuna tramu moja tunayotaka kuieleza zaidi, nayo ni ile ya namba 44. Hutoka Montgomery, hufuata Avenue de Tervueren, barabara pana yenye miti pande zote, hupita kando ya vidimbwi vya Woluwe, kisha huingia katika msitu mzuri, miti mirefu yenye gome laini la kijivu, na baada ya muda usiofika nusu saa hukushusha Tervuren. Watu wa Bruxelles huipanda siku ya Jumapili ili kupunga hewa na kula gofri. Twakubali kwamba ni safari nzuri kuliko zote za mji ule.

Lakini barabara ile na reli ile zilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, na watu waliochukuliwa kwenda Tervuren walikwenda kuwatazama babu zetu. Mfalme Leopold II alikuwa ameleta Wakongomani 267 kwa meli hadi Antwerpen, waume kwa wake na watoto, wakawekwa mchana katika vijiji vya kujengwa, ndani ya bustani, kando ya maji. Watazamaji walipita milioni. Waliwatupia peremende, hata wengine wakaugua tumbo. Ndipo likawekwa tangazo la kusema kwamba weusi hulishwa na kamati. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa.

Tulikwenda kuwaona. Wamelala kando ya ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, kila mmoja na jiwe lake: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Binti wa mwenyeji wetu, mwenye miaka tisa, aliyezaliwa huko huko, aliyasoma majina kwa sauti, akauliza kwa nini hakuna jina la baba wala la kijiji. Mama yake alimjibu kwamba walioandika hawakuuliza. Tukakaa kitambo, tukawaombea, tukarudi kituoni.

Atakayefika Bruxelles na aende. Kanisa si mbali na mwisho wa reli, na jumba la makumbusho, lililofunguliwa tena mwezi wa Desemba 2018 baada ya kutengenezwa miaka mitano, li karibu pia; siku ya Jumatatu limefungwa. Achukue koti, hata mwezi wa Julai.

Wengine wa mwaka ule walirudishwa Kongo. Msomaji aliyesikia kwa wazee wa kwao habari za mtu aliyekwenda Ubelgiji zamani zile, akarudi akasimulia, tafadhali atuandikie jina lake na kijiji chake.