Kimbunga Hakikufika Likoni

Ijumaa ya Mei 3, 2024, simu za Likoni, Kisauni na Changamwe hazikupumzika. Siku hiyo Rais William Ruto alilihutubia taifa, akaahirisha kufunguliwa kwa shule bila kutaja tarehe, na kuonya kwamba huenda Kenya ikakumbwa na kimbunga cha kwanza katika historia yake. Onyo hilo lilifika Toronto, Leicester na Muscat dakika ile ile, kisha likarudi Mombasa likiwa limenenepa njiani: picha za mawimbi ya nchi za watu, video za mapaa yakiezuliwa kusikojulikana, sauti za wasiojulikana zikiapa kwamba bahari itaingia mpaka Kongowea. "Mama, tokani hapo leo leo!" anasema mwana aliye ughaibuni. "Tutoke twende wapi, mwanangu? Na nguo ndiyo kwanza nimezianika." Mazungumzo ya aina hiyo yalikuwa mengi usiku ule, na mara nyingi aliyekuwa mbali ndiye aliyehitaji kutulizwa.

Kesho yake, Jumamosi, kimbunga Hidaya kilitua kisiwani Mafia, zaidi ya kilomita 400 kusini mwa kivuko cha Likoni. Kabla ya siku kwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba kimeanza kuishiwa nguvu. Tanzania haikusalimika kwa hilo. Boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na mvua iliyoandamana na kimbunga iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki kama visiwa. Mombasa ilipata upepo, mawimbi makubwa na amri ya kukaa mbali na maji. Wiki ilipokwisha, wengi katika jumuiya hii ya watu wa Mombasa, walio nyumbani na walio ughaibuni, walikuwa wamefikia uamuzi: zilikuwa kelele tu.

Jarida hili halikubaliani na uamuzi huo. Hofu ya Ijumaa ilizidi kipimo, na usahaulifu uliofuata umezidi zaidi.

Kwanza, ni kweli kwamba jiografia inaitunza Mombasa. Kimbunga cha kitropiki hakiishi kwa maji ya moto peke yake. Kinahitaji pia msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ule unaoufanya upepo upinde na kuzunguka kitovu kimoja. Msukumo huo hautoshi karibu na ikweta, ndiyo maana vimbunga kwa kawaida huzaliwa umbali wa digrii 5 au zaidi kutoka kwenye mstari huo. Mombasa iko digrii 4 kusini. Mafia inakaribia digrii 8. Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo kwenye ramani ya ukutani, ndiyo inayoeleza kwa nini wazee wa Mtongwe wana visa vingi vya kusi kali na hawana hata kimoja cha kimbunga kamili.

Lakini kutunzwa si kuepushwa. Aprili 15, 1872, tufani ilipiga Unguja na kuivunja sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Merikebu za kivita za Sultani Barghash, aliyekuwa ametawala kwa chini ya miaka miwili, ziliharibiwa bandarini. Pemba iliponea chupuchupu, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu, jambo lililogeuza uchumi wa visiwa vyote kwa vizazi. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi, ambako watu 34 walikufa. Na wiki mbili tu baada ya Hidaya, katika Mei ile ile ya 2024, kimbunga kingine kwa jina Ialy kilipanda kaskazini kikapita nje ya pwani ya Kenya, kikivuma upepo mkali mpaka nchi kavu kabla ya kufifia baharini. Hicho hakikupata hotuba ya rais, na ughaibuni karibu hakikusikika.

Kuna jambo jingine ambalo mvuvi yeyote wa Timbwani angelieleza kwa sentensi moja, na ambalo halikutajwa kabisa katika zile sauti zilizosambazwa. Mwezi uliingia robo yake ya mwisho Mei 1, na mwezi mpya ukaandama Mei 8. Maana yake Hidaya kilikuja wakati wa maji mafu, maji yanapojaa kidogo na kupwa kidogo. Laiti kingechelewa siku tano, mawimbi yale yale yangepanda juu ya maji makubwa ya bamvua, na katika bandari ya Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua hupita mita 3. Mombasa ilikuwa na bahati ya ramani na bahati ya kalenda kwa pamoja. Bahati ya kalenda haina mkataba.

Ni nani basi aliyeumia mwezi ule, ikiwa kimbunga hakikufika? Wa kwanza ni mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa, asiyeweza kuvuka mwamba kusi ikikaza. Mei tayari ni mwezi mwembamba kwake, kaskazi imekwisha na bahari imechafuka, na kila siku ya onyo ni siku bila kitoweo wala deni kulipwa kwa tajiri aliyemkopesha nyavu. Nyuma yake yuko mama karanga, anayenunua samaki pwani asubuhi na kuwakaanga jioni kando ya barabara. Samaki wasipoletwa, karai halibandikwi, na mtoto anayerudi kutoka shule hukuta chai kavu. Hasara ya namna hii haina picha ya kutuma. Hakuna nyumba iliyoanguka wala maiti iliyookotwa, kwa hiyo haiingii kwenye mchango wowote.

Wa pili ni yule anayeishi bondeni, na huyo adui yake ni maji ya juu zaidi kuliko ya bahari. Novemba 2023, mvua za El Niño zililivunja daraja la Mbogolo huko Kilifi, na watu wa Kisauni waliokuwa na safari ya Malindi wakajifunza upya maana ya barabara moja. Upande wa Changamwe kuna ushahidi wa zamani zaidi: mikoko ya hori la Mwache, huko ndani baada ya Port Reitz, ilikufa kwa wingi baada ya El Niño ya 1997 na 1998, mizizi yake ikiwa imezikwa na tope lililoletwa kutoka bara. Mikoko ndiyo inayolivunja wimbi kabla halijafika uani kwa mtu. Ikiondoka, tufani ndogo hufanya kazi ya tufani kubwa.

Anayetaka kuona mapaa ya mabati yanavyokuwa kimbunga kinapofika kweli asiende mbali. Desemba 14, 2024, kimbunga Chido kiliipiga Mayotte kwa upepo uliopita kilomita 220 kwa saa. Idadi rasmi ya waliokufa ilifika takriban watu 40, na wengine wengi kama hao hawakupatikana. Vitongoji vya mabati kwenye vilima vya Kawéni, karibu na Mamoudzou, vilibaki udongo mtupu na mbao zilizotapakaa. Onyo lilikuwa limetolewa, tena mapema. Ila wakaazi wengi hawakuwa na hati za ukaazi, wakaogopa kwamba atakayekwenda kwenye jengo la kujihifadhia atakamatwa na kurudishwa Komoro. Mombasa ina familia nyingi zenye asili ya Ngazija, na kwa nyumba hizo msiba ule haukuwa habari ya ugenini. Wapangaji wa mtaa wa Bangladesh, kule Mikindani, hawahitaji kuchorewa ramani kulielewa fumbo la kuonywa bila kuwa na pa kwenda.

Wasomaji walio Oman wana somo la namna nyingine. Juni 2007, kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 nchini humo, na wengi walioumia Muscat waliumizwa na maji yaliyoshuka kutoka milimani kupitia mabonde makavu. Baadaye serikali ilijenga mabwawa ya kuyazuia maji hayo juu ya mji. Shaheen kilipopiga eneo la Batinah Oktoba 2021 bado watu walikufa, zaidi ya 10. Hata hivyo, nchi hiyo ilionyesha kwamba fedha za kabla ya tufani zinaweza kutumika kwa kitu kisichopigwa picha.

Hapo ndipo hoja ya tahariri hii ilipo. Jumuiya ni hodari wa kuchanga baada ya maafa. Mafuriko yakitokea Kisauni usiku, kufikia adhuhuri fedha zimeingia kwa M-Pesa, magodoro na unga vimenunuliwa, na risiti zimebandikwa kwenye kundi. Ukarimu huo ni wa kweli na usidharauliwe. Lakini godoro hulowa tena masika ijayo, katika chumba kile kile, chini ya paa lile lile.

Paa lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Nyumba nyingi za mtaani zimeezekwa kwa mabati membamba ya geji 32, yaliyopigiliwa misumari michache kwenye kenchi ambayo nayo imelazwa tu juu ya ukuta. Mwenye nyumba huweka mawe au tairi kuukuu juu ili bati lisipigepige. Upepo hauhitaji kuwa kimbunga kulitafutia bati kama hilo mwanya, na jiwe lililowekwa kulituliza ndilo litakalomwangukia jirani. Dawa yake haina fahari: waya mzito wa kuifunga kenchi kwenye ukuta, misumari zaidi penye kingo za paa, na fundi wa siku moja. Mtaro uliozibwa na chupa za plastiki nao unataka majembe, matoroli na vijana wa kulipwa kibarua mwezi Februari, kabla ya masika.

Pendekezo litakalowekwa mbele ya mkutano mkuu wa jumuiya ni kwamba nusu ya mfuko wa dharura itolewe kabla ya mwisho wa Machi kila mwaka kwa kazi hizo mbili, na sehemu ndogo ibaki kwa wavuvi na mama karanga kwa siku ambazo bahari imefungwa kwa onyo. Wapo watakaosema kwamba mapaa na mitaro ni kazi ya kaunti. Mtaro wa barabara ni wa kaunti, hakika, na idaiwe bila kuchoka. Kenchi ya nyumba ya mama mzazi haijawahi kuwa ya kaunti.

Wanaotaka nyumba za jamaa zao ziingizwe kwenye awamu ya kwanza wapeleke picha kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari. Picha ya paa kutoka ndani, pale kenchi inapokutana na ukuta, itamfaa fundi kuliko picha ya nyumba iliyopigwa kutoka barabarani.