Rangi za Kubuni na Uongo wa Dola

Katika maonyesho ya kazi za wanafunzi, kijana wa mwaka wa pili aliweka kompyuta yake mezani na kuonyesha ndege ya kivita aina ya F-5 ikikata anga juu ya Ziwa Victoria. Ndege ile ilikuwa ndani ya simuleta, yaani programu inayoiga urushaji wa ndege. Aliipaka kijani cha mikoko na samawati ya ziwa, kisha ubavuni akachora alama ya duara ya jeshi la anga la Shirikisho la Afrika Mashariki. Chini ya picha aliandika kwa herufi kubwa: RANGI ZA KUBUNI.

Haikupita saa moja, ofisa mmoja akamwamuru aizime. Alitoa sababu tatu: kwamba huo ni mchezo wa watoto, kwamba ni dhihaka kwa majeshi yetu, na kwamba picha za namna hiyo ndizo chimbuko la uzushi mitandaoni. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, na nilinyamaza. Makala haya ni deni la ukimya ule.

Niseme kwanza kazi yenyewe ni nini, maana wengi huihukumu bila kuijua. Ndege ya simuleta ni umbo lililovikwa picha, kama kitenge kilichokatwa kwa kipimo cha mwili. Mchoraji huchukua picha hizo, akazibadilisha kipande kwa kipande: bawa, mkia, pua, hadi misumari na madoa ya moshi kwenye bomba la injini. Kazi hiyo huweza kula majuma, na kwa kawaida wachoraji hawalipwi. Huigawa bure kwa wenzao. Wapo wanaonakili rangi za majeshi yaliyopo, na wapo wanaobuni majeshi ambayo hayajawahi kuwapo. Hawa wa pili wana desturi moja ninayoiheshimu sana: huandika wazi, katika jina la kazi au maelezo yake, kwamba ni ya kubuni.

Neno hilo dogo ndilo kiini cha hoja yangu. Mchoraji wa simuleta hukiri kwamba amebuni. Dola inapobuni rangi za ndege zake, haikiri.

Tarehe 15 Aprili 1961, ndege za mabomu aina ya B-26 zilishambulia viwanja vya ndege vya Kuba zikiwa zimepakwa rangi na alama za jeshi la anga la Kuba yenyewe. Asubuhi hiyohiyo, nyingine ya aina hiyo ikatua Miami, injini yake ikiwa na matundu ya risasi, na rubani akadai kuwa ameasi jeshi la Fidel Castro. Yote yalikuwa maigizo ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, siku mbili kabla ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe. Hata matundu yale yalipigwa kwa makusudi kabla ya safari. Katika Umoja wa Mataifa, balozi wa Marekani Adlai Stevenson, ambaye naye alikuwa amefichwa ukweli, alionyesha picha ya ndege ile kama ushahidi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Pua ya ndege ile ilikuwa ya chuma kitupu, ilhali B-26 za Kuba zilikuwa na pua ya kioo. Hizo nazo zilikuwa rangi za kubuni, isipokuwa hakuna aliyeandika hivyo chini yake, na zilisindikiza mabomu halisi.

Tusidhani hayo ni ya kale na ya mbali. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba serikali ya Sudan ilikuwa ikitumia Darfur ndege zilizopakwa rangi nyeupe, mfano wa ndege za misaada, na moja yake ilikuwa na herufi za UN juu ya bawa. Khartoum ilikanusha. Mwezi Mei 2020 kamandi ya jeshi la Marekani barani Afrika ilitangaza kwamba ndege za Urusi aina ya MiG-29 zilipelekwa Libya baada ya kupakwa rangi upya nchini Syria ili kuficha asili yake. Moscow nayo ilikanusha. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva, inakataza kutumia nembo ya Umoja wa Mataifa bila idhini yake, na inakataza kushambulia chini ya alama za adui. Sheria hiyo haikutungwa kwa sababu ya vijana wenye kompyuta.

Sasa nirudi kwa ofisa wetu na hofu yake ya uzushi. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Februari 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ilisambaa video ya ndege ikitunguliwa, ikadaiwa kuwa ni kazi ya rubani shujaa aitwaye Mzuka wa Kyiv. Video ile ilitoka katika simuleta ya DCS World. Lakini aliyeitengeneza alieleza mwenyewe kwamba ilitoka humo. Waliofuata waliing'oa kutoka kwenye maelezo yake na kuisambaza kama habari. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo jeshi la anga la Ukraine lilikiri kwamba Mzuka huyo ni shujaa wa simulizi. Basi kosa ni la nani: la aliyebandika lebo, au la aliyeibandua? Ukimfungia mdomo mwenye lebo, utabaki na wabanduaji peke yao.

Hoja ya dhihaka kwa majeshi ni dhaifu zaidi. Kijana yule hakutumia nembo ya jeshi lolote lililopo. Wala hakubuni Shirikisho. Alibuni rangi tu. Shirikisho lilitangazwa kuwa lengo jijini Nairobi mwezi Juni 1963 na Nyerere, Kenyatta na Obote. Januari iliyofuata wanajeshi wakaasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na majeshi ya Uingereza yakaitwa kuzima maasi; ndoto ikasinyaa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 5, unalitaja tena shirikisho la kisiasa kuwa hatua ya mwisho. Na kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023, kikosi cha Jumuiya kilikuwa mashariki mwa Kongo. Ikiwa marais wanaweza kutia saini shirikisho, kwa nini mwanafunzi asiweze kulichora?

Tena mchoro wake unauliza maswali ambayo hotuba za sherehe huyakwepa. Ndege hiyo ingeamriwa na nani? Ingenunuliwa kwa kodi ya nani, na bunge lipi lingekagua hesabu zake? Ingetumwa dhidi ya nani? Hapa nami namdai kijana wangu jambo. Ndege ya simuleta hupendeza kwa sababu haimwoni mtu aliye chini. Anayebuni jeshi na abuni pia sheria ya kulifunga mikono. Bila hivyo atakuwa amechora silaha tu na kuacha nchi.

Kuhusu mchezo wa watoto sina mengi. Kijana aliyesoma ramani, historia na mkataba wa kimataifa ili achore duara moja ubavuni mwa ndege amefanya utafiti mwingi kuliko baadhi ya tasnifu nilizosahihisha.

Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mtakapoletewa kesho rasimu ya kanuni za kudhibiti picha za kubuni, ulizeni kwanza kama inamlinda anayeweka lebo, na kama inamgusa mkubwa anayeificha. Nanyi wanafunzi, endeleeni kuandika neno lile kwa herufi kubwa. Mimi nimekwisha kuandika barua kuomba meza ile irudishwe katika maonyesho yajayo. Safari hii nitasimama upande wa kompyuta.